Kabla Hujafunga Kamba: Mwongozo kwa Wanaokokota Vyombo Ziwani Kivu

Ukiwa umesimama bichi Muhanzi, kazi ya kukokota huonekana ya kizee. Boti moja mbele, kamba katikati, tishari au mtumbwi nyuma, na vyote vinakwenda polepole kuelekea Idjwi. Upole huo ndio unaodanganya. Nahodha anayesafiri na chombo kimoja ana kimoja cha kuchunga. Anayekokota ana viwili, cha pili hakina breki, na kati yao imekaa kamba inayoweza kuvunja mguu wa mtu au kupindua boti inayoivuta.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefanya kazi hiyo kutoka Bukavu kwenda Idjwi, Kalehe, Minova au Goma. Huenda unavuta tishari la saruji na kreti za bia kwa mkataba. Huenda umeombwa tu njiani uvute mtumbwi uliozimikiwa mota karibu na Ishungu, jambo ambalo kila baharia wa ziwa hili amelifanya bila kujiona kuwa ni mkokotaji. Na ni wako pia wewe mwenye mashua, usiyepanda botini lakini amri yako hufika huko kwa simu.

Kamba ikivuta kwa ubavu

Naanza na ajali inayoua upesi kuliko zote, kwa sababu ndiyo isiyozungumzwa sana bandarini kwetu. Boti ni ndefu na nyembamba. Kamba ikiivuta kutoka nyuma moja kwa moja, urefu wake wote unasaidia kuhimili. Kamba ikihamia ubavuni, wembamba ndio unaobeba mzigo, na boti inalala upande. Ukingo wa sitaha ukishaingia majini, maji yanatafuta mlango wa chumba cha mota, na kuanzia hapo mnahesabu sekunde.

Kamba huhamaje ubavuni? Kwa kawaida ni wakati wa kukata kona. Unageuza boti kuingia ghuba, lakini tishari lina tani zake na mwendo wake, nalo linaendelea lilikokuwa linakwenda. Punde liko sambamba nawe, kisha mbele yako, na kamba imekaza kutoka pembeni. Upepo wa ghafla hufanya hivyohivyo, na pia nahodha mwenye haraka anayeongeza gesi kabla chombo cha nyuma hakijafuata mstari.

Usidhani ni ajali ya watu maskini wenye boti za mbao. Tarehe 19 Desemba 2007, katika mto Clyde huko Scotland, boti ya kukokotea iitwayo Flying Phantom ilikuwa inaisaidia meli ya mizigo Red Jasmine ndani ya ukungu mzito. Kamba iliivuta kwa ubavu ikapinduka, na watatu kati ya mabaharia wake wanne walikufa. Ilikuwa na mtambo wa dharura wa kuachia kamba, ila haukuachia kwa upesi uliohitajika. Februari 2023, mto huohuo, boti nyingine ndogo iitwayo Biter ilipinduliwa na kamba karibu na Greenock, na mabaharia wake wote wawili wakafa. Tundu la kushukia vyumbani lilikuwa wazi. Hao walikuwa na boti za chuma, redio, na bandari yenye wakaguzi.

Basi la kwanza ni mahali unapofunga kamba. Boti iliyojengwa kwa kazi hii hubeba kulabu yake karibu na katikati, mbele ya usukani, ili nyuma ibaki huru kugeuka. Ukifunga kwenye ncha ya nyuma kabisa, mzigo unaushika mkia wa boti na usukani unakuwa pambo. Kwa boti ndogo yenye mota ya kuning'inia, ambayo haina nguzo katikati, tengeneza hatamu: kamba fupi mbili kutoka pembe mbili za nyuma, zinazokutana nyuma ya helisi, na kamba ndefu ianzie hapo. Funga chini kadiri inavyowezekana. Kila sentimita kamba inavyopanda juu, inapata nguvu zaidi ya kukulaza.

La pili, na kama utakumbuka jambo moja tu katika ukurasa huu liwe hili: kamba lazima iweze kuachiwa ikiwa imekaza. Si ikiwa imelegea. Ikiwa imekaza na watu wanapiga kelele. Fundo linalojikaza halifai, hata liwe zuri vipi. Kwenye nguzo, zungusha kamba mizunguko kadhaa ya kupishana, bila kuifunga mwishoni, ili mtu mmoja aweze kuifungua. Penye kulabu, iwe ya aina inayofunguka chini ya mzigo. Na pembeni yake ning'iniza shoka kali, mahali ambapo mkono unafika gizani. Nimeona boti ambazo shoka lao limefungiwa ndani ya sanduku pamoja na spea, na ufunguo uko kwa nahodha. Hilo ni shoka la kupasulia kuni mkishafika.

Jaribu kuachia kabla ya safari. Mkiwa bado mmefungwa gatini, vuta kamba kwa mota mpaka ikaze, kisha mwambie baharia aachie. Ikimchukua muda au akihitaji msaada wa mwenzake, hamko tayari kuondoka. Mkubaliane pia neno moja, na hapa kwetu «Achia!» inatosha. Anayesimama kwenye kamba akilisikia, asiulize. Na akiona mwenyewe boti inalala, asisubiri kulisikia. Nahodha anayemkaripia baharia kwa kuachia mapema anamfundisha kuchelewa siku nyingine.

La tatu ni milango. Wakati wa kukokota, milango na matundu yote ya sitaha yafungwe, joto liwe limezidi vipi kwenye chumba cha mota. Boti iliyofungwa ikilala upande ina nafasi ya kusimama tena.

Kamba yenyewe

Wengi huulizia bei ya kamba na unene wake, wakaishia hapo. Uliza pia imetengenezwa na nini. Nailoni hunyumbuka sana, na mnyumbuko huo ni mzuri kwa sababu unameza mshtuko wa mawimbi. Lakini kamba iliyonyumbuka ni nguvu iliyohifadhiwa, na ikikatika inarudi kwa kasi ambayo jicho halioni. Polipropilini, zile kamba za buluu au za kijani zinazouzwa kila mahali, huelea na haziingii kirahisi kwenye helisi, ila jua huzila. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu ni kali. Kamba iliyolala sitahani msimu mzima huanza kutoa unga ukiisugua kiganjani. Hiyo ifungie mbuzi.

Fundo katikati ya kamba linaweza kuipunguzia karibu nusu ya nguvu zake. Kamba iliyokatika ikaungwa kwa fundo si kamba ileile tena, nayo itakatika palepale penye fundo. Kama kuna mzee bandarini anayejua kusuka nyuzi za kamba mbili ziwe moja, mlipe akufanyie, na mwambie kijana wako akae karibu naye ajifunze. Pale kamba inapopita juu ya ukingo, ivishe mpira wa tairi au kipande cha mpira wa maji. Saa nne za mawimbi zinatosha kuisaga.

Sasa mahali pa kusimama. Kamba iliyokaza ikikatika hurudi kwa mstari wake, na pale inapopinda kwenye nguzo inaweza kufagia eneo pana. Hakuna mtu wa kukaa nyuma ya boti akipiga soga wakati wa kukokota, wala abiria wa kuomba «pale tu pembeni». Chora mstari kwa rangi sitahani, nyuma ya mstari huo asiingie mtu isipokuwa anayeshughulikia kamba, naye awe ameambiwa. Usikanyage ndani ya kitanzi cha kamba iliyolala, kwa sababu kitanzi hicho kikivutwa kinakwenda na mguu. Mikono ikae mbali na nguzo. Kitenge kinachopepea, koti lisilofungwa vifungo, pete, vyote viachwe kando.

Urefu wa kamba hauna kipimo kimoja. Fupi mno, kila wimbi linaigonga boti yako kama nyundo. Ndefu mno, tishari linazurura upande huu na ule. Kwenye maji yenye mawimbi, rekebisha urefu mpaka vyombo viwili vipande wimbi pamoja na kushuka pamoja, kisha toa mita chache zaidi, ili kamba ilegee kidogo katikati na kuzama. Ulegevu huo ndio springi yako.

Chombo cha nyuma

Kabla hujakubali kukokota kitu, panda juu yake. Usipokee maelezo ya mwenyewe. Fungua mbao za chini uone maji yaliyokusanyika, na kama yapo, yachotwe, kisha usubiri kuona yanarudi kwa kasi gani. Maji yanayocheza ndani ya tishari ni hatari kuliko mzigo wa uzito uleule, kwa sababu tishari likiinama nayo hukimbilia upande ulioinama. Angalia ukingo umebaki juu ya maji kiasi gani. Mzigo mzito uwe chini, na uzito usogezwe nyuma kidogo, kwani chombo kilichoinamisha pua hakifuati mstari. Usukani wake ufungwe katikati. Magunia na kreti vifungwe pia. Shehena ikihama upande mmoja, hakuna atakayekwenda kuirudisha.

Mtumbwi wa mbao usiufunge kwenye benchi wala kwenye ubao wa pua. Nguvu ya kuvuta inaweza kung'oa pua nzima ikabaki kwenye kamba huku watu wakizama. Pitisha kamba kuzunguka mbavu za ndani, au izungushe mwili wa mtumbwi wenyewe. Vuta taratibu pia. Kila chombo kina mwendo wake wa juu kulingana na urefu wake, na ukikivuta kupita hapo kinakalia mkia na kunywa maji. Mtumbwi uliojengwa kwa makasia haujui mwendo wa mota yako ya farasi arobaini.

Kuhusu watu, kwa tishari la mizigo jibu ni fupi: asikae mtu juu yake safarini. Wachuuzi watakuambia wanalinda mali yao. Waelekeze kwenye boti ya abiria.

Ugumu uko kwa boti ya abiria iliyoharibika katikati ya ziwa. Una moyo, utasaidia, na hapo ndipo wema huzaa ajali ya pili. Kuhamisha watu kutoka boti moja kwenda nyingine kwenye mawimbi ni hatari: wote husimama kwa wakati mmoja, wote hukimbilia ukingo mmoja. Nawe utawaweka wapi? Kama boti yao haiingizi maji na ziwa limetulia, waache humo, wakae chini sakafuni, kila mtu avae jile la kuelea, na uwavute polepole kwenda ufukwe ulio karibu. Ufukwe ulio karibu, si Bukavu. Kama inaingiza maji, chukua watoto na wasiojiweza kwanza, mmoja mmoja, huku ukipiga simu boti nyingine zije. Ukiona imejaa kupita kiasi, usiivute kabla haijapunguzwa. Kamba itaivuta pua chini na kumaliza kilichobaki.

Kuhusu kujaa kupita kiasi, hakuna mtu wa Kivu anayehitaji kuelezwa. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akaja mwenyewe, akataja watu wapatao 150 waliokuwa hawajaonekana, na akaagiza kila msafiri avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, mwaka ambao vita vilikuwa vimekata barabara ya Minova na watu kukimbilia majini, MV Merdi ilitoka Minova ikapinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu waliokuja kupokea ndugu zao wakitazama. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 80 hivi. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba 278, na idadi ya kwanza ya waliokufa aliyoitoa ilikuwa 78. Kuna wanaopenda kusema baada ya ajali kama hizo kwamba ziwa limedai, au gesi ya chini imepanda. Gesi ipo kweli, methani na kaboni dioksidi kwa wingi, lakini imekaa kwenye vina na si hiyo inayolaza boti iliyobeba zaidi ya mara tatu ya uwezo wake.

Ziwa hili na tabia zake

Mabaharia wanaokuja kutoka Tanganyika au Victoria hushangazwa kwanza na nanga. Kivu ni bonde lenye kuta za mwinuko; pembezoni tu kina kinaporomoka, na katika sehemu yake ya chini kabisa hufikia karibu mita 485. Ghuba yetu ya Bukavu ina kina kidogo, lakini nayo hufika karibu mita 100. Kamba ya nanga inatakiwa iwe mara tano au zaidi ya kina ndipo nanga ishike. Piga hesabu. Mota ikizima ukiwa na tishari katikati ya Idjwi na Kalehe, nanga yako ni chuma tu.

Kwa hiyo anayekokota ziwani Kivu asitegemee mota moja. Beba ya akiba, hata ndogo, na iwashwe siku ya kuondoka kuthibitisha inawaka. Beba turubai lenye kamba kwenye pembe zake. Ukilitupa mbele ya boti iliyozimika, linajaa maji kama mfuko, linapunguza kasi ya kusukumwa na upepo na kuelekeza pua kwenye mawimbi. Nanga iwepo pia, kwa ajili ya karibu na ufuo. Na upande wa mashariki wa Idjwi kumbuka mpaka: boti iliyozimika haina pasi, na upepo ukiisukuma kwenye maji ya Rwanda utakuwa na maelezo ya kutoa. Piga simu kwa komiseri wa ziwa kabla hujavuka, si baada ya kukamatwa.

Tazama anga. Kuanzia Septemba mpaka Mei mvua zetu huja na dhoruba fupi kali zinazoshuka kutoka milimani, na boti yenye tishari haiwezi kukimbia kurudi. Wakokotaji wenye busara huondoka alfajiri. Mawingu yakianza kusimama upande wa mlima Kahuzi na bado uko ndani ya ghuba, subiri; saa mbili za kusubiri hazijamfilisi mtu.

Usiku una shughuli yake. Tangu samaki wadogo waitwao sambaza waletwe kutoka Tanganyika mwaka 1959, ziwa hujaa taa za wavuvi, hasa siku za giza, kwani kwenye mwanga wa mwezi hawavui. Kila taa ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na chini yake umening'inia wavu. Ukiwa na boti moja unaweza kupenya kati ya taa mbili. Ukiwa na kamba nyuma, usijaribu: wewe utapita, kamba itafagia, na tishari litamaliza. Zunguka kwa mbali, upande ambao upepo hautakusukuma juu yao.

Nao wavuvi watajuaje kwamba una kitu nyuma? Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano zimeweka lugha ya taa: boti inayokokota huweka taa mbili nyeupe mlingotini, moja juu ya nyingine, tatu kama msafara wa nyuma umezidi mita 200, nyekundu kushoto na kijani kulia, nyuma huweka nyeupe na juu yake ya njano. Chombo kinachokokotwa nacho huwa na nyekundu, kijani na nyeupe ya nyuma. Meli ya baharini haitafika kwetu, lakini lugha hiyo inafaa hapa vilevile. Ukikosa zote, angalau tishari lisiende gizani bila taa hata moja. Na kama amri ya siku hiyo inakataza safari za usiku, hakuna cha kujadili.

Dira ni ya lazima, hata kama umezaliwa ufukweni. Tarehe 22 Septemba 1993 huko Alabama, Marekani, boti iliyokuwa ikisukuma matishari ilipotea ndani ya ukungu, ikaingia mkondo usio wake na kugonga daraja la reli. Dakika chache baadaye treni ya abiria ikafika, na watu 47 walikufa. Nahodha hakujua kwamba amegonga daraja. Mvua ya Kivu hufunga macho kama ukungu ule.

Kurudi Bukavu

Ajali ndogondogo, zile za vidole na miguu, hutokea mwisho wa safari. Ukikata mota, tishari halina habari. Linakuja mpaka linakugonga nyuma, na kamba iliyolegea inazama moja kwa moja kwenye helisi. Punguza mwendo mapema, kabla hujafika kwenye rasi za Nguba na Muhumba, ukivuta kamba ndani kidogokidogo kwa kadiri inavyolegea. Kwenye maji tulivu, lilete tishari ubavuni na ulifunge hapo, boti yako ikitokeza nyuma kuliko tishari ili helisi na usukani vipate maji ya kushika. Matairi yakae kati ya vyombo viwili. Asiruke mtu kutoka kimoja kwenda kingine kabla kamba hazijafungwa, na mguu au mkono usitumike kamwe kama tairi. Tishari linaloonekana limesimama bado lina nguvu ya kusaga mfupa.

Karibu na Ruzizi inapotoka ziwani, kuna chupa na mifuko ya plastiki inayoelea kwa wingi, ileile inayoziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I. Hujizungusha kwenye helisi na kuziba njia ya maji ya kupozea mota. Kagua kabla ya kusogea huko na mzigo.

Mambo yakiharibika

Mtu akianguka majini, anayemwona aendelee kumnyooshea kidole bila kuondoa macho, mwingine arushe boya. Nahodha aondoe nguvu kwenye helisi na asigeuke ghafla, kwa sababu tishari linakuja na kugeuka kutaivuta kamba ubavuni. Maji ya Kivu juu yana joto la nyuzi 23 au 24 hivi, baridi haitamuua upesi. Mwenye jile lililofungwa vizuri anaweza kusubiri. Asiye nalo hana dakika nyingi. Jile ni la kuvaliwa tangu kamba inafungwa. Lililokunjwa chini ya benchi halijawahi kumwelesha mtu.

Moto: hakuna mbabula wala makala kwenye boti yenye mapipa ya mazutu au esansi, hata kwa chai. Aprili 2025 karibu na Mbandaka, boti ya mbao HB Kongolo ilishika moto uliotokana na mapishi mto Kongo, na zaidi ya watu 140 walikufa.

Chombo kikipinduka na kubaki kinaelea, kikae hivyo. Ndani yake kuna hewa, na huenda kuna mtu anayeivuta. Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, tundu lilikatwa kwenye mwili wake ili kuwatoa waliosikika wakigonga. Hewa ikatoka na meli ikazama. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, fundi wa mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili, akiwa ndani karibu na mota. Kwa hiyo shikilia chombo kwa kamba na maboti, kisogeze taratibu kwenye maji mafupi kama inawezekana, gonga usikilize, na subiri wapiga mbizi. Usikate tundu.

Kwako mwenye mashua

Hayo yote nahodha anaweza kuyajua na bado akafa, kwa sababu yako. Anajua tishari limejaa kupita kiasi, lakini umempigia mara tatu kuuliza kwa nini hajaondoka. Anajua kamba imechoka, lakini kamba ya mwisho ulimkata kwenye mshahara. Wala usingoje mkaguzi wa serikali: hata Marekani iliziacha boti nyingi za kukokotea bila ukaguzi wa kawaida mpaka kanuni maalum zilipotolewa mwaka 2016 na kuanza kubana mwaka 2018. Kwetu Régie des Voies Fluviales ina kazi ya kuweka alama za njia za maji, komiseri wa ziwa ana kazi ya kukagua, na wewe unajua ni mara ngapi ukaguzi huo huishia kwenye mfuko wa shati. Mkaguzi wa kweli wa boti yako ni wewe.

Nunua daftari, nahodha aandike kila safari: mzigo, hali ya kamba, saa ya kuondoka, jaribio la kuachia. Weka majile kulingana na watu, si kulingana na picha ya ukaguzi. Mpe mapumziko anayeshika usukani. Mtu aliyekesha hawezi kusoma kamba. Kisha waite mabaharia wako wote, na mbele yao mwambie nahodha kwamba siku atakayokata kamba na tishari likapotea, hutamdai hata franga moja. Liseme wazi, na liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari kwa jina na sahihi yako, kabla ya safari ya kesho.